Sitini na Moja Nyekundu

Dokkum, 27 Septemba 1993

Harm wee,

Kaa kwanza ndipo usome. Warusi wa Altenrode, kule Ujerumani, wanafungasha. Evert wa Groningen alipita hapa jana, kasikia kwa Wajerumani wa kule kwamba kikosi kizima kinarudi kwao mwezi wa kumi, ndege zote, na hazitakanyaga tena ardhi ya huku. Jumamosi ya tarehe kumi na sita na Jumapili yake ndizo siku za mwisho. Kwa hiyo tia mafuta kwenye gari, tunakwenda.

Unajua ninachotafuta. Namba za ubavuni za ndege za kikosi kile nimezisoma zote isipokuwa moja tu, sitini na moja nyekundu. Safari zote tulizokwenda tangu ukuta wa Wajerumani ulipoanguka na watu wakaruhusiwa kusogelea uzio wao, yenyewe ama imefungiwa bandani, ama imeruka kabla hatujafika. Wewe uliiona mwaka ule niliolazwa kwa ajili ya nyongo, na hukunihurumia hata chembe. Ulinitumia kadi hospitalini: "61! Pole." Nilikutukana mpaka nesi akaja kuuliza kama napata maumivu.

Habari ya macho sitaki uniulize ukifika, nakueleza hapa yaishe. Lile doa la katikati limekua. Nikikutazama usoni naona masikio yako tu, na si kitu cha kutamanika. Daktari anasema kabla ya Pasaka sitaweza tena kusoma wala kuandika. Lakini nikitega kichwa upande, na namba ikiwa kubwa na karibu, bado naisoma. Naisoma mwenyewe, Harm. Sheria yetu ni ile ile, namba ni ya aliyeisoma kwa macho yake. Usije ukajifanya mkalimani wangu.

Simu sikupigii. Mara ya mwisho nilipiga kelele "saa kumi na mbili, Harm, saa kumi na mbili!" mpaka jirani akaamka, nawe ukaja saa mbili. Hizo ndege zimekula masikio yako yote mawili. Tjitske atatufungia mkate na jibini, na supu ya njegere kwenye chupa. Wewe leta ngazi ya kuchungulia juu ya uzio.

Bauke


Dokkum, 28 Septemba 1993

Shemeji Harm,

Bauke hajui kama nimekuandikia, na naomba asijue. Ukinijibu, tuma kwa dada yangu Aukje, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Mume wangu bado anaitambua hati yako akiisogeza karibu na pua.

Durk wetu anakuja kutoka Kanada. Kazini wamemtuma Amsterdam kwa siku chache, naye anamleta mkewe na mtoto. Siku pekee aliyopata ya kufika Dokkum ni Jumapili hiyo hiyo ya tarehe kumi na saba, na jioni yake wanageuza. Bauke mjukuu wake amemwona kwenye picha tu, na sasa hata picha haoni. Nataka auone uso wa mtoto huyo angali na kitu cha kuonea.

Utasema, mwambie basi. Sitamwambia. Nikimwambia, atachagua ndege. Atasema Durk atakuja tena, Warusi hawaji tena, na atanisemea kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Harm, nimeolewa na mtu huyu tangu mwaka wa mafuriko makubwa. Nilimzaa Durk yeye akiwa kwenye uzio wa jeshi la watu huko Ujerumani. Nilimzika mama yangu yeye akiwa kwenye uzio mwingine, akaja siku ya pili na matope kwenye viatu. Nilinyamaza. Lakini nikimsikia kwa masikio yangu akichagua ndege, akaacha mtoto huyu, sitaweza tena kukaa naye nyumba moja, na huu si wakati wa kumwacha. Nani atamshika mkono?

Basi mrudishe Jumamosi usiku. Sikuulizi utafanyaje. Sema gari linagonga, sema tumbo linakukata, tumia uongo wowote, wewe kwa maneno hushindwi. Ninachotaka ni Jumapili mchana awe kwenye kiti chake, amevaa shati safi.

Tjitske


Emmen, 2 Oktoba 1993
(kupitia kwa Bi Aukje)

Shemeji,

Ungeniomba nimvunje mguu ingekuwa rahisi zaidi. Hivi unajua unachoniambia? Nimwondoe Bauke kwenye uzio siku moja kabla ya mwisho, na yeye bado hajaiona sitini na moja? Ataniuma.

Nimekaa na barua yako jikoni nikaipinga sentensi moja moja. Nyingine zote nimezishinda, ila ile ya mtoto. Mimi sina mjukuu wala mtoto, nina kuku tu, lakini naelewa.

Kama ile ndege itatoka Jumamosi, tumepona sote, nitamrudisha anaimba. Isipotoka, basi sijui. Nitafanya nitakaloweza. Lakini nawe nipe kitu kimoja. Siku Bauke akija kujua, usiniache peke yangu. Usimame, useme, "Ni mimi niliyemwomba Harm." Nataka ahadi hiyo kwa maandishi, kwa sababu nakujua wewe na namjua yeye.

Harm


Dokkum, 5 Oktoba 1993

Naahidi.

T.


Dokkum, 18 Oktoba 1993

Harm! Harm! Harm!

Usicheke mistari inavyopanda na kushuka, naandika kwa mazoea ya mkono tu. Nimelala mara mbili tangu turudi, na mara zote mbili nimeamka nikicheka peke yangu. Tjitske anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nikusimulie kana kwamba hukuwepo, niache nifaidi. Tumesimama juu ya ngazi tangu asubuhi, baridi inatutafuna, supu imekwisha, nawe unalalamika mgongo. Nimeshakata tamaa, haki ya Mungu nimeshakata. Jua linaanza kushuka, mara ile moja inatoka bandani, inakuja taratibu kwenye kona yetu, inasimama inasubiri ruhusa. Karibu, jamani! Ningeweza kumwomba rubani sigara. Nikatega kichwa. Sita niliisoma mwenyewe, sita nzima. Tarakimu ya pili ikawa inazama kwenye doa, nikigeuza kichwa inakimbia, nikigeuza huku inakimbia, roho imenifika hapa. Nawe ukapiga kelele, "Moja! Bauke, ni moja!" Na pale pale nikaiona. Imesimama wima, nyekundu, safi. Moja.

Nilikukumbatia, najua, usimwambie mtu.

Ulisema kweli, baada ya hapo hapakuwa na sababu ya kulala garini tukipigwa baridi mpaka Jumapili. Na sikiliza maajabu: kesho yake nimekaa na kahawa, mlango unafunguliwa, nani? Durk! Na mkewe, na mtoto! Wamekuja ghafla tu. Ningebaki kule ningewakosa. Mtoto mzuri, wanasema. Mimi niliona kofia na vidole. Nikampakata nikamweleza habari yote ya sitini na moja tangu mwanzo, akasinzia, lakini Durk alisikiliza kwa adabu.

Mwezi ujao kwenye mkutano wa chama chetu cha watu wa uzio ni zamu yangu, mimi niliyekamilisha kikosi, kusimama juu ya kiti. Tjitske ameshaagizwa keki ya machungwa, kubwa. Nitaitaja namba ya mwisho, nao wataitikia wote, hata Evert, na itamuuma maana yeye kikosi kile hajakikamilisha. Uwe mbele kabisa, la sivyo hutasikia.

Bauke wako


Dokkum, 20 Oktoba 1993

Shemeji,

Ahsante. Sina neno jingine. Alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati la bluu. Mtoto alikaa mapajani pake mchana kutwa, naye mchana kutwa akamsimulia habari za Warusi. Nilipomwambia mtoto ana macho ya Durk, alisema, "Sita niliisoma mwenyewe, Tjitske." Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikatoa vikombe.

Lakini alikuwa na furaha, Harm. Sijamwona hivyo tangu daktari alipomwambia. Nieleze jambo moja tu. Ilitoka kweli?

Tjitske


Emmen, 23 Oktoba 1993
(kupitia kwa Bi Aukje)

Shemeji,

Iliyotoka ni sitini na saba.

Nilitaka kulifuta neno lile sekunde ile ile. Nilishafungua mdomo. Akanikumbatia, na alikuwa analia, mtu mzima juu ya ngazi, na katika urafiki wetu wote Bauke hajawahi hata kunipiga bega. Nikaufunga mdomo. Ulichotaka umekipata, na yeye alichotaka anadhani amekipata. Mimi nimebaki na ndege ambayo haikuwepo.

Usiniulize tena.

Harm


Dokkum, 14 Novemba 1993

Harm,

Hii anaandika Tjitske, mimi nasema. Kuanzia sasa itakuwa hivyo, na barua zako atanisomea yeye. Kwa hiyo kama una matusi yapunguze.

Jana ulikuwa wapi? Eti mafua. Nilikutafuta ukumbi mzima, nikiuliza watu, "Harm yuko wapi?" Sasa naelewa kwa nini hukuja.

Nilipanda kwenye kiti. Keki iko mezani. Nikasema, "Sitini na moja nyekundu, Altenrode, Jumamosi tarehe kumi na sita." Nikangoja waitikie. Kimya. Nikadhani labda sikusema kwa sauti, nikarudia. Ndipo Evert akasema, taratibu kabisa, na huo upole wake ndio ulioniua, "Bauke, shuka tuzungumze."

Jumamosi ile ilitoka sitini na saba. Wote waliokuwa kwenye uzio wameisoma. Wameiandika. Wana picha. Na Jumapili asubuhi, Harm, Jumapili tulipokuwa tumesharudi kama wajinga, Warusi waliziondoa zote moja moja, na kila moja ilisimama pale pale kwenye kona yetu kuwaaga watu. Sitini na moja ilikuwa ya tatu. Ilikaa pale mpaka watu wakachoka kuipiga picha. Rubani alifungua kioo akapunga mkono. Evert akaniambia, "Hata wewe ungeisoma, Bauke." Hata mimi!

Kijana mmoja wa Zwolle, simjui hata jina, akasema kwa nyuma, "Anahesabu kwa macho ya kukodi." Wakacheka. Si wote, lakini wakacheka. Keki haikukatwa. Tjitske ameirudisha nyumbani, iko hapa jikoni, na sitaki kuiona, na kweli siioni.

Nieleze. Mimi nangoja hapa.

Bauke


Emmen, 17 Novemba 1993

Bauke ndugu yangu,

Nimekosea. Sijui niseme nini zaidi. Jua lilikuwa chini, lilinipiga machoni, rangi ile nyekundu ikameremeta, nikaona moja nikapiga kelele bila kufikiri. Ulikuwa umeisubiri mno, na mimi nilitamani uipate, na nadhani tamaa ndiyo iliyosoma.

Kijana huyo wa Zwolle nitamtafuta. Nitakwenda kwa Evert na kwa wengine wote niwaambie kosa ni langu, wewe huna hatia. Sikuja mkutanoni kwa sababu nilikuwa mgonjwa kweli.

Nisamehe, mzee. Macho yangu nayo yanazeeka.

Harm


Dokkum, 19 Novemba 1993

Shemeji,

Nimemsomea. Kisha akasema, "Soma tena pale penye jua," nikamsomea tena.

Naomba ibaki hivyo hivyo. Najua nilikuahidi nini, na najua una karatasi yangu. Lakini nilipoahidi nilidhani akijua atanikasirikia siku mbili tatu, kama anavyokasirikaga. Sikujua itakuwa hivi. Haendi kanisani, hali mpaka nimlazimishe. Usiku anageuza kichwa huku na huku kwenye mto, nikimuuliza anafanya nini anasema anaitafuta. Akijua ni mimi, Harm, hatapokea hata kikombe mkononi mwangu. Na mkono mwingine hana.

Wewe anaweza kukukosa akaishi. Samahani kukuambia hivyo, lakini ni kweli, nawe unajua. Hivyo jua limekupiga machoni, basi.

Jumanne usije kama kawaida yako.

Tjitske


Dokkum, 25 Novemba 1993

Harm,

Unaniona mpumbavu. Kipofu sawa, lakini mpumbavu?

Jua! Jua la jioni lilikuwa mgongoni kwetu. Sisi kona ile tuliichagua asubuhi kwa sababu hiyo hiyo, wewe mwenyewe ndiwe uliyeihamisha ngazi, ukasema, "Hapa jioni tutakuwa na mwanga wote upande wetu." Hakuna mtu wa uzio anayesimama akitazamana na jua, hata mtoto aliyeanza jana hafanyi hivyo. Nilimwambia Tjitske asome mara mbili, nikifikiri labda amekosea yeye. Kumbe ndivyo ulivyoandika.

Kwa hiyo hukukosea. Uliisoma saba, ukaniambia moja.

Nimekaa hapa gizani nikizitafuta sababu zako. Labda ulinionea huruma. Basi huruma yako nakurudishia, sikukuomba. Labda mgongo ulikuuma ukataka kitanda chako. Basi ungesema, "Bauke, nimechoka, naondoka," ningekutukana kidogo, ningelala kwa Evert kwenye gari lake. Labda ulitaka kunicheka. Hiyo siamini, lakini usiku naiamini.

Unajua kinachoniuma? Si kucheka kwao. Ni kwamba niliiona. Ulipotamka moja, mimi niliiona moja, kwa macho yangu, mpaka leo naiona. Umenitia uongo wako mpaka ndani ya jicho, mahali ambapo hata doa halijafika. Sasa kila namba niliyopata kuisoma miaka yote hii nalala nikijiuliza, hii niliisoma mimi au niliambiwa?

Na kitu chenyewe kilisimama pale Jumapili, karibu, mchana kweupe. Ningelala kwenye uzio ule wiki nzima kukingoja. Durk? Durk angenikuta sipo, angenuna, angepoa. Mtoto ni wa kofia na vidole, leo au mwakani ni yule yule kwangu. Bora ningewakosa wao kuliko kuikosa ile. Tjitske kalamu imesimama. Andika, Mama Durk, andika kama ninavyosema: bora ningewakosa wao.

Ninataka sababu, Harm. Ya kweli. Nipe sababu nami nitaona kama naweza kukaa chumba kimoja na wewe. Bila hiyo, basi tena.

Bauke


Emmen, 7 Desemba 1993

Tjitske, najua karatasi hii iko mikononi mwako na yeye amekaa mbele yako. Nilikuja Jumanne ile uliyonikataza, nikaja na Jumanne nyingine, mara zote mbili umeniambia mlangoni kwamba amelala, nami kwa masikio haya mabovu nilimsikia akikohoa. Sasa sina njia nyingine isipokuwa wewe. Nakuomba usome yote, kwa sauti, kama ilivyoandikwa.

Bauke,

Umeuliza sababu. Nilisoma saba. Jua lilikuwa mgongoni kwetu, umesema kweli, niliisoma vizuri kuliko namba yoyote maishani mwangu. Nikakuambia moja kwa sababu ilibidi uwe nyumbani Jumapili. Durk hakuja ghafla. Tjitske alijua tangu Septemba kwamba anakuja, na kwamba ni siku ile tu, akaniomba nikurudishe, akaniambia nitumie uongo wowote. Alitaka umwone mtoto kabla macho hayajafunga. Hakukuambia kwa sababu aliogopa utachagua ndege, na aliogopa kukusikia ukichagua.

Uongo wenyewe niliuchagua mimi, huo ni wangu. Ningeweza kusema gari linagonga. Lakini ulikuwa umeteseka mchana kutwa, na ndege ikasimama pale, na sita umeshaisoma, na niliona njia ya kukupa vyote viwili kwa mpigo mmoja, mtoto na namba. Nilijiona nina akili sana kwa muda wa kama dakika moja.

Kama ningejua kwamba Jumapili itasimama pale pale, ningekufunga kamba kwenye ngazi na Durk angesubiri. Nasema hivi Tjitske akisikia. Na bado sijui kama ningekuwa na haki.

Usimkasirikie. Ulimwacha peke yake kwenye mambo makubwa, Bauke, mimi nikiwa nawe kila mara, nikishika ngazi. Tulimwibia Jumapili zake zote, mimi na wewe. Aliomba moja tu. Na juzi umemlazimisha kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba bora ungemkosa mtoto. Nilipofika pale kwenye barua yako nikaona hati imetetemeka, na nikajua siwezi tena kunyamaza, kwa ajili yake wala kwa ajili yako.

Kwenye chama nitasimama juu ya kiti mwezi wa kwanza na kusema nilidanganya. Ya nyumbani kwako sitayataja. Hayo nakuambia wewe tu.

Mzee, sina rafiki mwingine. Niite nije. Ukinifokea nitasikia, wewe ndiye mtu pekee ninayemsikia.

Harm


Dokkum, 20 Desemba 1993

Harm,

Tjitske amenisomea barua yako. Nilikuwa nimejiandaa. Redio nimezima, kahawa nimeisogeza mbali nisije nikaimwaga, nikamwambia asome polepole. Ikaisha kabla sijakaa vizuri. Eti barabara za Emmen zina barafu, kuku wawili wamekufa kwa baridi, na unanitakia Krismasi njema. Nikamuuliza, ndiyo hiyo tu? Akasema ndiyo hiyo tu. Nikamwambia ageuze nyuma. Akageuza, akasema nyuma hakuna kitu.

Niliishika bahasha kabla hajaifungua, nikaona ni nene, nikasema leo mtu ameandika. Kumbe vidole navyo vimeanza kunidanganya.

Kuku, Harm. Nimekuuliza kwa nini umenivunjia maisha yangu, nawe umenijibu habari za kuku.

Usije chamani kunisemea chochote, mimi nimeshajitoa. Darubini nimempa Evert. Ngazi ni yako, na kama kuna kitu changu kingine garini, kitupe. Usiniandikie tena. Nimemwagiza Tjitske, ikija bahasha yenye hati yako aitie jikoni kwenye jiko bila kuifungua, na amekubali. Amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Analia ninaposema haya, maskini. Alikupenda sana.

Nilikuwa na jozi mbili za macho ya akiba, yako na yake. Yako yamekwisha. Namshukuru Mungu nimebakiwa na mtu mmoja ambaye akinisomea moja, ni moja.

Bauke
kwa mkono wa Tjitske